Je, Wajua? Kansa Hufuatiliwa Hata kwa Simu ya Kitochi

Je, wajua kwamba simu iliingia kwenye tiba ikiwa bado changa kabisa? Alexander Graham Bell alipata hataza yake mwaka 1876. Mwaka 1879 jarida la kitabibu la Lancet, la Uingereza, likachapa habari ya daktari aliyepigiwa simu usiku na familia iliyohofu kwamba mtoto wao anazibwa koo. Daktari akaomba mtoto asogezwe kwenye simu akohoe. Akasikiliza, akasema ugonjwa sio ule wanaouhofia, akabaki kwake.

Je, wajua kwamba mapigo ya moyo yalishasafirishwa kwa waya mwaka 1905? Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, alikuwa na mashine ya kuchora mapigo ya moyo, nzito mno kuihamisha. Wagonjwa walikuwa hospitalini, umbali wa kilomita moja na nusu. Akavuta waya wa simu, mchoro ukamfikia maabara. Tiba mtandao ya leo, pamoja na kamera na setilaiti zake zote, bado inafanya jambo lile lile: mtu anabaki alipo, habari zake zinasafiri.

Je, wajua kwamba Australia waliwahi kuwa na redio ya kukanyaga pedeli? Huduma ya Madaktari wa Ndege ilianzia mji wa Cloncurry, jimbo la Queensland, mwaka 1928. Mwaka uliofuata Alfred Traeger akaunda redio inayojizalishia umeme kwa miguu ya mwenye kuitumia, na mashamba ya mbali yasiyo na umeme yakapata namna ya kumwita daktari. Baadaye yakagawiwa masanduku ya dawa zenye namba: daktari anataja namba redioni, mwenye nyumba anatoa dawa. Huku kwetu shirika la afya la AMREF, lililoanzishwa mwaka 1957, lilikuja kuziunganisha hospitali za misheni za Afrika Mashariki na Nairobi kwa redio, miongo kadhaa kabla simu ya mkononi haijafika huku.

Sasa tuje kwenye kansa yenyewe.

Je, wajua kwa nini kansa inahitaji simu kuliko magonjwa mengi? Wagonjwa wengi wa tibakemikali hawalazwi. Mtu anafika asubuhi, anapimwa damu, anatundikiwa dripu, jioni anaondoka. Kwa matibabu mengi tarehe inayofuata ni baada ya siku 21. Lakini kwa dawa nyingi chembe nyeupe za damu hushuka hadi chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Kinga ya mwili inakuwa dhaifu kuliko wakati wowote, na mgonjwa yuko kijijini kwake, mbali na daktari. Vidonda vya kinywani, kutapika, kuharisha, ganzi ya vidole, vyote vinamkuta huko huko. Akirudi siku ya 21 anaulizwa, "Unaendeleaje?" Naye anajibu, "Tunamshukuru Mungu." Anajibu hivyo kwa adabu, kwa uchovu, na kwa sababu foleni iliyo nyuma yake ni ndefu. Yaliyompata siku ya 10 yanabaki kwake.

Je, wajua kwamba joto la mwili la nyuzi 38 kwa mtu aliye kwenye tibakemikali ni dharura hata kama anajisikia vizuri? Si la kusubiri asubuhi, wala la kunywa panadoli na kulala. Apigiwe simu muuguzi wa kliniki huku safari ya hospitali ya karibu imeshaanza.

Je, wajua kwamba maswali 12 tu yaliwahi kuongeza miezi 5 ya uhai? Utafiti huu ningependa kila mganga mkuu wa hospitali ausome. Ulifanyika hospitali ya kansa ya Memorial Sloan Kettering, New York, kati ya mwaka 2007 na 2011, ukiongozwa na Ethan Basch. Wagonjwa 766 wenye kansa iliyokwisha kusambaa, wote wakitibiwa kama wagonjwa wa nje, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja liliendelea na utaratibu wa kawaida. Jingine lilijaza kwenye kompyuta namna wanavyojisikia kuhusu dalili 12: maumivu, uchovu, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kupumua kwa shida na nyinginezo. Dalili ikizidi, muuguzi anapata barua pepe papo hapo.

Matokeo ya mwisho yalitangazwa mwaka 2017. Wagonjwa wa utaratibu wa kawaida, kwa kipimo cha kati, waliishi miezi 26. Waliokuwa wakiripoti dalili zao waliishi miezi 31.2. Hakuna aliyeongezewa dawa mpya. Kilichobadilika ni kwamba tatizo lilijulikana mapema, muuguzi akapiga simu, dawa ya kichefuchefu ikabadilishwa, mgonjwa akaitwa kabla hajafika kubebwa. Na kwa kuwa hakuzidiwa, aliweza kuendelea na tibakemikali kwa muda mrefu zaidi.

Kuna jambo jingine katika utafiti ule linalozungumzwa kidogo mno. Baadhi ya wagonjwa walikuwa hawajazoea kompyuta kabisa. Mtu angedhani hao ndio wangeachwa nyuma. Ikawa kinyume: hao ndio walionufaika zaidi kuliko waliokuwa na intaneti nyumbani tangu zamani. Nakumbuka hili kila ninaposikia mtu akisema wazee wetu wa vijijini "hawataweza mambo ya mtandao." Asiye na njia nyingine ya kumfikia daktari ndiye anayeipata faida kubwa akifunguliwa njia moja.

Je, wajua kwamba Ufaransa nako matokeo yalikuwa ya namna hiyo? Fabrice Denis wa Le Mans aliwapa wagonjwa wa kansa ya mapafu fomu fupi ya kujaza mtandaoni kila wiki kutoka nyumbani. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 waliofuatiliwa hivyo waliishi miezi 19 kwa kipimo cha kati, na waliofuata ratiba ya kawaida ya kliniki na picha za skani waliishi miezi 12.

Je, wajua kwamba simu janja si lazima? Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, kilitumia simu ya kawaida kabisa. Kila siku mgonjwa anapiga namba, sauti iliyorekodiwa inamuuliza: jana ulitapika? Maumivu, kutoka 0 hadi 10, ni ngapi? Anabonyeza tarakimu. Papo hapo anapewa ushauri wa kujihudumia nyumbani, na namba zikiwa mbaya, muuguzi mwenye ujuzi wa kansa anaarifiwa, naye anampigia. Wagonjwa walikuwa 358. Waliopata huduma hiyo walikuwa na siku za mateso makali pungufu kwa asilimia 67 kuliko wenzao. Teknolojia hiyo ndiyo ile ile ya kubonyeza 1 kwa Kiswahili, 2 kwa Kiingereza. Kitochi kinaiweza, na betri yake inakaa siku nzima na zaidi hata pasipo umeme.

Je, wajua kwamba dakika zinahesabiwa? Katika utafiti wa nchi 5 za Ulaya, wenye wagonjwa 829 na hospitali 12, uliochapishwa mwaka 2021, kila mgonjwa wa tibakemikali aliyefuatiliwa kwa mbali alipewa kifaa cha kuripoti dalili. Taarifa nyekundu ilimtaka muuguzi awasiliane na mgonjwa ndani ya dakika 30. Ya njano, ndani ya saa 8. Saa 24 kwa siku, mwaka mzima. Hapo ndipo gharama halisi ya tiba mtandao ilipo, na hapo ndipo miradi mingi hufia. Kununua programu ni rahisi. Kumlipa muuguzi wa zamu ya usiku, asiye na kazi nyingine ila kupokea simu hizo, ndilo jambo linaloachwa kwenye bajeti. Nasema bila kusita: namba ya simu isiyopokelewa ni hatari kuliko kutokuwa na namba, maana mgonjwa ameambiwa asubiri, naye anasubiri.

Je, wajua kwamba akina mama 374 wa kaskazini-magharibi mwa Uingereza waliwahi kulinganishwa, nusu wakifuatiliwa hospitalini na nusu kwa simu ya muuguzi, baada ya kumaliza matibabu ya kansa ya matiti? Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Wa simu hawakuwa na wasiwasi kuliko wa hospitali, na waliridhika zaidi na maelezo waliyopewa. Ugonjwa uliporudi kwa baadhi yao, haukuchelewa kugunduliwa kwa wale wa simu.

Je, wajua kwamba tibakemikali yenyewe inaweza kutolewa daktari bingwa akiwa umbali wa kilomita 900? Turudi Queensland, jirani na Cloncurry ile ya redio za pedeli. Mji wa migodi wa Mount Isa uko mbali hivyo na Kituo cha Kansa cha Townsville. Tangu mwaka 2007 mgonjwa wa Mount Isa anaonana na bingwa wake kwa video, na wauguzi wa pale pale wanamtundikia dripu bingwa akisimamia kutoka Townsville. Watu waliuliza swali la haki: je, ni salama? Yakapitiwa mafaili ya miaka 5: wagonjwa 89 wa Mount Isa, mizunguko 626 ya dawa, dhidi ya wagonjwa 117 wa Townsville, mizunguko 799. Kipimo cha dawa walichokipata na madhara makubwa yaliyowapata havikutofautiana kwa maana yoyote ya kitakwimu.

Kilichofanya iwezekane ni watu kabla ya kamera. Wauguzi wa Mount Isa walifundishwa kutoa dawa hizo, daktari wa kawaida alikuwepo pale pale kushughulikia dharura, na dawa zenyewe zilikuwa zinafika.

Je, wajua kwamba jimbo la Kansas, Marekani, lilianza kliniki ya kansa kwa video mwaka 1995? Chuo Kikuu cha Kansas kiliunganishwa na hospitali ya mji mdogo wa Hays. Korona haikuizaa huduma hii. Iliilazimisha tu iingie kila mahali mwaka 2020.

Je, wajua kwamba wilaya ya Burera, kaskazini mwa Rwanda, ina kituo cha kansa kilichoanza kutibu bila daktari bingwa wa kansa? Kituo hicho, Butaro, kilifunguliwa Julai 2012 kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya ya Rwanda, shirika la Partners In Health na taasisi ya kansa ya Dana-Farber ya Boston. Madaktari wa kawaida na wauguzi waliofunzwa walitoa tibakemikali kwa kufuata miongozo iliyoandikwa, na kila wiki walikaa kwenye mkutano wa simu na mabingwa wa Boston kujadili wagonjwa mmoja mmoja. Mkulima wa milimani alikuwa anatibiwa na jopo ambalo nusu yake liko ng'ambo ya bahari. Kwangu mimi huu ndio mfano wa kuuiga kwanza katika nchi zetu, kabla ya ule wa mgonjwa mwenyewe kushika simu ya video. Bingwa azungumze na daktari wa wilaya, daktari wa wilaya amguse mgonjwa.

Je, wajua kwamba Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ilishajaribu programu ya simu kwa wagonjwa wa tiba shufaa, yaani tiba ya kutuliza maumivu na mateso? Inaitwa mPalliative Care Link. Mgonjwa aliyeruhusiwa kurudi nyumbani, au ndugu anayemuuguza, anaulizwa kuhusu maumivu na dalili nyingine kwa dodoso lililotengenezwa kwa ajili ya Afrika, lenye maswali 10: saba ya mgonjwa, matatu ya familia. Majibu yanawafikia wataalamu wa Ocean Road na mhudumu wa afya aliye karibu na mgonjwa. Kwa miaka mingi Ocean Road ilikuwa ndiyo mahali pekee nchini penye tiba ya mionzi. Kutoka Kigoma au Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,000 za barabara, na mtu mwenye kansa iliyoingia kwenye mifupa anausikia kila mtikisiko wa basi. Kumfuata huko aliko ni tendo la utu kabla hata hatujahesabu nauli.

Nauli nayo ihesabiwe. Je, wajua kwamba kituo cha kansa cha Moffitt cha Florida kilikokotoa kiasi ambacho wagonjwa wake waliokoa? Kati ya Aprili 2020 na Juni 2021, wagonjwa 11,688 wa chini ya miaka 65 walifanya miadi 25,496 kwa mtandao. Waliepuka takriban kilomita milioni 6 za barabara na saa 75,055 za kuendesha gari. Kila miadi iliokoa kati ya dola 147 na 186, ukijumlisha safari na muda wa kazi uliopotea. Hao ni watu wenye magari yao. Fikiria wa kwetu, anayelala stendi, anayemlipia nauli na ndugu wa kumsindikiza, na aliyeuza mbuzi ili aende kusomewa majibu ya vipimo ambayo yangeweza kusomwa na daktari wa wilaya yake.

Je, wajua kwamba kinyama kinachokatwa kwenye uvimbe ili kipimwe nacho husafiri? Mwaka 1986 Ronald Weinstein alionyesha hadharani kwamba hadubini iliyoko El Paso, Texas, inaweza kusomwa na mtaalamu aliyeko Washington kupitia setilaiti. Maabara ya Lilongwe, Malawi, nayo imekuwa na vikao vya kila wiki ambapo wataalamu wa huko na wenzao wa Chuo Kikuu cha North Carolina wanaangalia picha zile zile za hadubini. Kwa kansa nyingi, bila jibu la kinyama hakuna tibakemikali. Mgonjwa anasubiri na uvimbe unakua. Ningekuwa na fungu moja tu la fedha za tiba mtandao, ningelipeleka hapa.

Je, wajua kwamba siki na simu janja vinakamata dalili za kansa ya shingo ya kizazi kabla haijawa kansa? Muuguzi anapaka asidi ya siki, sehemu yenye tatizo inageuka nyeupe, anapiga picha, anamtumia bingwa. Lusaka, Zambia, walianza na kamera za dijitali mwaka 2006. Mkoani Kilimanjaro wauguzi wakatumia simu. Picha hiyo hiyo inamfundisha muuguzi: kila jibu la bingwa ni somo, na jicho lake linazidi kuwa kali.

Je, wajua kuna vitu simu haiwezi? Haiwezi kupapasa tezi la kwapani. Haisikii maji kwenye mapafu. Haipimi uzito, na kipimo cha dawa nyingi za kansa hukokotolewa kwa uzito na urefu. Haitoi damu. Mionzi haitolewi kwa simu, ingawa mpango wa mionzi unaweza kukaguliwa na mtaalamu aliye nchi nyingine. Na habari nzito, kama ya kwamba ugonjwa umerudi, ni ukatili kumwambia mtu akiwa peke yake sokoni na simu sikioni. Muuguzi mzuri huuliza kwanza: "Uko wapi? Uko na nani?"

Je, wajua nani anafaa zaidi kufuatiliwa kwa mbali? Aliye kwenye vidonge na hali yake imetulia. Mama anayemeza tamoksifeni kila siku kwa miaka 5 au 10. Mgonjwa wa kansa ya damu anayetumia imatinibu, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001 na kuugeuza ugonjwa uliokuwa ukiua kuwa wa kuishi nao. Damu ipimwe hospitali ya wilaya, majibu yatumwe, bingwa apige simu.

Je, wajua kwamba taarifa za afya ni taarifa nyeti kisheria? Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023; Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini nyumba nyingi zina simu moja. Ujumbe wenye neno "kansa" unaweza kusomwa na mtoto wa darasa la tano kabla mama yake hajauona. Kliniki imuulize mgonjwa mapema: simu hii ni ya nani, na tukikutumia ujumbe tuandike nini?

Je, wajua kwamba tiba shufaa kwa video imethibitishwa kuwa sawa na ya ana kwa ana? Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya vituo 22 vya Marekani na wagonjwa 1,250 wa kansa ya mapafu iliyosambaa. Ubora wa maisha ulikuwa sawa kwa makundi yote mawili. Tofauti iliyojitokeza ni kwamba ndugu walishiriki kwa uchache zaidi kwenye video: asilimia 36.6, dhidi ya 49.7 kwa waliofika kliniki. Kwetu, ambako anayeuguza ndiye anayetoa dawa na ndiye anayekumbuka yote, pengo hilo lisipuuzwe. Simu iwekwe sauti ya juu, na dada au mwana akae karibu.

Je, wajua kwamba Uganda ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuwaruhusu kisheria wauguzi waliosomea tiba shufaa kuandika mofini? Ilikuwa mwaka 2004. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Anne Merriman mwaka 1993, ilishakuwa ikitoa mofini ya maji, ya bei nafuu, ya kunywa nyumbani. Daktari aliye mbali anaweza kushauri kipimo kiongezwe usiku huu kwa sababu kuna chupa kijijini na kuna muuguzi mwenye mamlaka ya kuitoa. Mahali ambapo mofini imefungiwa kabati la hospitali ya rufaa, mgonjwa anaweza kupigiwa simu kila siku na asipate nafuu yoyote.

Je, wajua cha kuwa nacho mkononi kabla simu ya kliniki haijalia? Jina la ugonjwa kama lilivyoandikwa kwenye faili. Tarehe ya dripu ya mwisho na ni ya mzunguko wa ngapi. Majina ya dawa zote unazomeza, zikiwemo za shinikizo la damu, za sukari na za mitishamba, bila kuficha. Kipimajoto, na joto la asubuhi hiyo. Uzito, kama kuna mizani ya kuaminika hapo karibu, hata ya zahanati. Umekula nini jana, umetapika mara ngapi, umepata choo lini. Maumivu kwa namba, kutoka 0 hadi 10. Na usimalize maongezi bila kupata majibu ya maswali mawili: nikizidiwa usiku nimpigie nani, na asipopokea niende hospitali ipi?